Mchoraji asiye na mchoro wa awali apewe ukuta wa umma?

Mleta mada (Kirumba):
Wadau, habari za leo. Kuna jambo linaniuma, nalileta tulijadili.

Hapa Mwanza ukiomba kuchora ukuta wa shule au soko, swali la kwanza ni "mchoro uko wapi?" Anayechora sato au jiwe la Bismarck anautoa kwenye bahasha. Rafiki yangu hana. Anachora kwa hisia, picha zisizo na mtu wala mnyama, na shule moja imemrudisha kwa sababu hiyo tu.

Nimekaa naye akifanya kazi. Analaza plaiwudi sakafuni, anamwaga rangi ya bluu, ileile ya mitumbwi, anaisambaza kwa kipande cha ndala. Halafu anakaa kimya nusu saa, anaitazama. Jumamosi aligeuza ubao juu chini, akautazama tena, kisha akafuta kila kitu kwa tambara lenye mafuta ya taa. Kazi ya asubuhi nzima! Nikamuuliza kulikoni. "Bluu inapiga kelele," akasema. Mtu anayebahatisha angeacha ikauke, auze.

Wassily Kandinsky, Mrusi aliyekuwa miongoni mwa wa mwanzo katika sanaa dhahania, yaani picha zisizoonyesha kitu halisi, alichora Composition VII mwaka 1913 kwa siku zisizozidi nne. Nyuma yake kulikuwa na michoro ya majaribio zaidi ya 30. Hisia za mchoraji ni mazoezi yaliyoingia mkononi. Nasema apewe ukuta.

Mzazi wa Igoma:
Umejifunga mwenyewe. Huyo Mrusi alikuwa na michoro 30, rafiki yako hana hata mmoja. Ukuta wa shule ni wa wazazi, na rangi inanunuliwa kwa michango yetu. Akifika katikati bluu ikapiga kelele, nani atanunua ndoo nyingine? Edward Saidi Tingatinga alianza Dar mwaka 1968 na hadibodi na rangi ya mafuta, na chui wake hahitaji mkalimani. Sichukii sanaa ya rafiki yako. Aichore kwake, kwa rangi yake.

Ng'wana Magu:
Wanangu, kwetu Usukumani Bagika na Bagalu, yale makundi mawili ya wachezaji, wanaposhindana ngoma, mshindi ni aliyevuta watu wengi. Hakuna karatasi. Mpeni ukuta mfupi, ule wa upande wa jikoni, tuone watoto watasimama wapi wakati wa mapumziko.

Mleta mada:
Mzee wangu wa Magu, shikamoo. Ushauri wako naupeleka kwa mwalimu mkuu kama ulivyo.

Ndugu wa Igoma, la ndoo umenibana, nakubali. Rangi ya kurudia ainunue yeye, na iandikwe kwenye makubaliano. Ila michoro anayo. Nyuma ya mlango wake kuna mbao 22, nimezihesabu jana baada ya kukusoma. Kwenye ile ya chini kabisa rangi zimegombana hadi zikawa tope. Kwenye ya juu, mstari mmoja mweupe umekatiza bluu yote na hutamani kuongeza kitu. Shule iliomba karatasi, haikuomba kuona mbao. Kesho tunazibeba tano. Wewe kama mzazi, uje uzione kabla kamati haijakaa.