Dada yuko kwenye ECMO Uingereza, mama anauliza kama bado yuko hai

Mtoto wa Kihonda:
Wakuu habari za jioni, naomba kueleweshwa maana hapa nyumbani Moro hakuna anayelala. Dada yangu anaishi Uingereza na mumewe, alianza na mafua tu tukajua yataisha, haikufika wiki ikawa nimonia, wakamweka ventileta (mashine ya kupumulia) ikashindikana, juzi usiku wakamhamishia Leicester na huko wamemuunga na mashine wanaiita ECMO. Shemeji katuma picha, kuna mipira miwili minene imejaa damu, inatoka kwake inapita kwenye mashine inarudi. Mama kaiona (kosa langu sikuifuta) toka hapo analia tu, anasema mwanangu kashakufa hiyo damu inazungushwa na umeme. Baba mdogo naye anadai wanamshikilia ili bili ipande. Hivi hiyo kitu inafanya nini hasa, na watu huwa wanatoka kweli?

Nesi wa Zamu:
Pole sana mdogo wangu. Mi niko ICU (wodi ya mahututi) huku huku Uingereza ila sio alipo dada so hali yake siwezi kuisemea, nakuelezea mashine tu. Swali la kwanza muulize shemeji ule mpira unaorudisha damu umeingia wapi. Kama ni shida ya mapafu peke yake basi damu inatolewa kwenye mshipa mkubwa wa veni (unaorudisha damu kwenye moyo) pajani na inarudishwa veni nyingine, mara nyingi shingoni, na hapo moyo wake mwenyewe ndo unasukuma damu mwili mzima, mashine inafanya kazi ya mapafu tu. Ikirudishwa kwenye ateri (mshipa unaotoa damu kwenye moyo) ndo mashine inasaidia na moyo.

Ndani yake kuna pampu inavuta kama lita 4 hadi 5 kwa dakika, damu inapita kwenye kifaa chenye nyuzi nyembamba za plastiki zilizo wazi katikati kama mirija, oksijeni inapita ndani ya nyuzi na damu nje yake, hewa chafu inatoka oksijeni inaingia. Angalieni ile picha tena, mpira mmoja damu ni ya zambarau iliyoiva na mwingine nyekundu inang'aa, hiyo tofauti ya rangi ndo kazi yote. Haiponyi nimonia ile. Inapumzisha mapafu, maana ventileta ikisukuma hewa kwa nguvu sana siku nyingi nayo inayaumiza.

Na mwambie baba mdogo dada kama ni mkazi NHS (huduma ya afya ya serikali huku) haimtumii bili ya ICU.

Fundi Pampu:
Nesi kamaliza, naongezea kidogo. Mi niko teatre ya moyo Dar, ile mashine tunayotumia tukisimamisha moyo kwenye upasuaji ndo babu yake, daktari wa upasuaji Gibbon aliitumia Philadelphia, Marekani 1953. Ya teatre ni ya masaa, ECMO inakaa siku hata wiki kadhaa. Mtu mzima wa kwanza kupona nayo alikuwa kijana wa miaka 24 kule California 1971, ajali ya pikipiki (bodaboda zipo toka zamani jamani), alikaa nayo masaa 75.

Ila tusimdanganye mtu. Damu ikipita kwenye plastiki inataka kuganda so anapewa heparini, na heparini inaleta kuvuja damu, na ikivuja kichwani ni balaa.

Mpita Njia:
Kwa hiyo asilimia ngapi wanapona? Mnazunguka sana

Nesi wa Zamu:
@Mpita Njia hakuna namba moja, inategemea umri, ugonjwa, na alikaa ventileta siku ngapi kabla. Kuna utafiti wa hapa Uingereza ulitoka 2009, wagonjwa 180 wa mapafu, waliopangiwa kupelekwa Leicester kwa ajili ya ECMO asilimia 63 walikuwa hai bila ulemavu mkubwa baada ya miezi 6, waliobaki kwenye matibabu ya kawaida 47. Na sio wote waliopelekwa waliwekewa, wengine walipona kwa uangalizi tu wa wale watu waliozoea.

Fundi Pampu:
Na hiyo ni mapafu. Ya moyo msiichanganye humo, 2023 Wajerumani walitoa utafiti wa watu 420 waliopata shambulio la moyo presha ikaanguka, ndani ya siku 30 karibu nusu walifariki, wenye mashine na wasio nayo sawa tu. Ndo maana Nesi kauliza mpira uko wapi.

Mtoto wa Kihonda:
Nimempigia shemeji, anasema mmoja pajani mmoja shingoni, na rangi ni kweli kabisa ziko tofauti. Wamemwambia mapafu yakianza kufunguka watakuwa wanafunga ile hewa ya mashine kidogo kidogo waone kama anajitosheleza. Mama nimemsomea yote, kauliza swali moja tu, kwa hiyo moyo ni wake? Nikamwambia ni wake. Kaenda jikoni mwenyewe. Ntarudi kesho wakishapiga picha ya kifua