Wakala wa bahati nasibu "si mfanyakazi"? Basi hii mashine ni ya nani?

Wakuu, leo sinyamazi.

Tumeamkia ujumbe wa simu: kamisheni imeshuka, kuanzia mauzo ya leo. Hakuna kikao wala barua. Asiyetaka arudishe mashine. Nikaenda na wenzangu kwenye ofisi ya chama kimoja cha wafanyakazi (sikitaji), tukamkuta katibu. Katusikiliza huku anachati, kisha kauliza: "Mna hati ya mshahara?" Hatuna. "Basi nyie wafanyabiashara. Kasajilini kikundi."

Kikundi! Kama cha kufa na kuzikana!

Mfanyabiashara gani asiyepanga hata bei ya tiketi? Mashine yao, mwavuli una nembo yao, karatasi za risiti zikiisha unakaa kama yatima unamsubiri msimamizi akuletee. Mkataba unakukataza kuuza tiketi za kampuni nyingine, na saa za kufungua wamekupangia. Cha kwako ni hasara tu. Floti ikipungua unalipa. Mtandao ukikata mteja ameshatoa hela, matusi unakula wewe. Na mshindi akicheleweshewa chake haendi makao makuu, anakuja kukukaba hapo hapo kituoni.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba vyama vya wafanyakazi nchi hii havikuanzishwa na wenye hati za mshahara peke yao. Mgomo mkubwa wa 1947 ulianzia kwa makuli wa bandari ya Dar es Salaam, wengi wao vibarua wa kutwa, mtu anadamka kwenda getini hajui kama leo atachukuliwa. Hao hao wakaunda chama. Mkoloni alikivunja 1950 baada ya mgomo mwingine, lakini watu walishaonja, na 1955 ikaja TFL, shirikisho la vyama vya wafanyakazi Tanganyika, la kina Rashidi Kawawa. Februari 1964, baada ya maasi ya jeshi, TFL ikafutwa, ikaletwa NUTA: chama kimoja nchi nzima, katibu mkuu anateuliwa na Rais, na wa kwanza alikuwa waziri wa kazi mwenyewe, Michael Kamaliza. Ada zikawa zinakatwa juu kwa juu kwenye mshahara.

Mimi naona ugonjwa ulianzia hapo. Kiongozi aliyezoea kuletewa ada na mwajiri, muuza tiketi wa chini ya mwavuli atamhangaikia kwa lipi? Sheria ya bahati nasibu ya taifa ilitungwa 1974, enzi hizo hizo za NUTA. Baadaye NUTA ikarithiwa na JUWATA, ikaja OTTU, sasa tuna shirikisho la TUCTA na vyama chungu nzima, na mlangoni bado unaulizwa hati ya mshahara.

Halafu sheria haisemi anachosema katibu. Someni kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004. Mtu anadhaniwa kuwa mwajiriwa, hata mkataba umeitwa jina gani, ikiwepo hata dalili moja tu kati ya zilizotajwa: anapangiwa namna ya kufanya kazi au saa zake, anapewa vifaa, anamtegemea huyo mmoja kiuchumi, anamfanyia kazi huyo peke yake, au amefanya wastani wa saa 45 kwa mwezi ndani ya miezi mitatu. Saa 45 kwa mwezi! Sisi tunazimaliza wiki haijaisha.

Kule Kerala, India, jimbo lina bahati nasibu yake tangu 1967. Mawakala na wachuuzi wa tiketi wana vyama vyao, na tangu 2008 kuna sheria ya mfuko wa ustawi wao. Kazi ni hii hii ya kusimama juani na tiketi.

Kusajili chama hapa kwetu kunahitaji wafanyakazi 20. Mawakala 20 nawapata barabara moja kabla ya saa nne asubuhi. Kwa hiyo nauliza, na sitaki porojo: kuna wakala yeyote aliyejaza Fomu Namba 1 ya kufungua mgogoro pale CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) akasimamia hicho kifungu cha 61? Msuluhishi alisemaje? Na wanasheria mliomo humu, Msajili wa vyama akitukatalia kwa hoja ya katibu, tunaanzia wapi?