Naomba ushauri, bima imekuwa kazi nyingi ya duka langu la windskrini

Wadau hamjambo, niko Nakuru, kazi yangu ni kubadilisha na kuziba vioo vya mbele vya magari. Zamani watu walikuwa wanalipa kesh ama Mpesa, saa hii nikiangalia kitabu changu gari saba kwa kumi ni za bima na hiyo kitu inaninyima usingizi. Kazi iko, pesa ndio haionekani, kioo nanunua kesh, gundi kesh, vijana nawalipa jioni, halafu invoisi ya bima inakaa miezi mitatu naambiwa tu iko kwa watu wa akaunti.

Wiki jana akaja mwenye Probox, kokoto ya lori ilimpata huko Salgaa, ako na bima ya thadi pati tu, ile ya kulipia hasara ya watu wengine, na hiyo hailipi kioo chake, akabaki anapitisha kidole kwa ule ufa akiniuliza nitampunguzia aje. Wenye magari wengi hapa mtaani ni kama yeye, na wakilipa wanalipa papo hapo, lakini wanakuja ufa ukishatambaa, tobo dogo ningeziba kwa bei nafuu sana.

Mnaofanya na bima, mnakubali kazi zao kiasi gani? Na mnadai aje bila kukosana na broka wa bima?