Mrejesho: Betri ya mzee ni nzima, shida ilikuwa kwingine

Wakuu, niliwauliza kuhusu mzee wangu hapa Kirumba, Mwanza. Miaka sita iliyopita aliwekewa waya za umeme kwenye ubongo, India, kwa ajili ya Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaotetemesha mwili. Mkono ulitulia, akarudi kushika kikombe cha chai bila kumwaga. Sasa mbona choo kigumu, usiku anarusha ngumi akiota, na mchana anakaa tu kama hana habari na mtu? Mimi nilishaamua kuwa ile betri chini ya mtulinga imekwisha.

Haijaisha. Daktari wa mishipa ya fahamu aliipima, kisha akatueleza: umeme ule kazi yake hasa ni mtetemo, kukakamaa na mwili kuwa mzito kusogea. Ugonjwa wenyewe unaendelea chini kwa chini. Choo, kumbukumbu, presha kushuka akisimama, hayo umeme hauyatibu, na sauti inaweza hata kufifia zaidi. Pua nayo ilikufa kabla ya upasuaji: tukipita soko la samaki la Mwaloni, dagaa zinanuka hadi kwenye daladala, yeye hana habari.

Kule kupoa kwake mchana kunaweza kuchangiwa na levodopa, dawa yake ya Parkinson, iliyopunguzwa sana baada ya upasuaji. Ameongezewa kidogo, taratibu. Choo kimelainika kwa dawa na maji mengi. Ngumi bado zipo, mama kahamia godoro la pili na stuli ya kitandani tumeiondoa.

Jana kaniuliza mwenyewe, kwa kisauti chake, sato kilo shilingi ngapi siku hizi.