Afisa Hesabu kupitia Sekretarieti ya Ajira au Mtendaji wa Kijiji kwenye halmashauri: niombe ipi?

Binti_Chumbageni
Habari za jioni wanajamvi. Naomba ushauri wenu. Kuna matangazo mawili kwenye Ajira Portal (mfumo wa maombi ya kazi za Serikali) na yote yanafungwa wiki ijayo. La kwanza ni la Sekretarieti ya Ajira, Afisa Hesabu Daraja la II, MDAs na LGAs (wizara, idara na wakala za Serikali, pamoja na halmashauri). La pili ni la halmashauri moja humu humu mkoani Tanga, Mtendaji wa Kijiji Daraja la III. Muda wa kujisomea ni mdogo na sitaki kushika mawili yakaniponyoka yote. Lipi lina nafasi zaidi? Nimesoma uhasibu.

Segera_Njiapanda
"Nimesoma uhasibu" haitoshi dada. Una shahada au stashahada? CPA, cheti cha kitaaluma cha uhasibu, unayo? Ulipita kidato cha sita, au ulitoka kidato cha nne ukaenda astashahada? Namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, ipo? Majina yanafanana kuanzia cheti cha kuzaliwa mpaka cha chuo? Bila hayo, kila atakayekujibu atakuwa anapiga ramli tu.

Mzee_wa_Masurufu
Hapa hakuna mjadala. Afisa Hesabu. Shahada inaingia ngazi ya mshahara ya TGS D, Mtendaji wa Kijiji ni TGS B. Usiende kuanza ngazi mbili chini halafu uje kuomba kubadilishiwa kada. Kubadilishiwa kada si kuandika barua tu: lazima nafasi iwemo kwenye ikama ya mwajiri (idadi ya watumishi aliyoidhinishiwa), itengewe bajeti, na kibali kitoke Utumishi. Watu wanakaa miaka na shahada zao kwenye kabati.

Mkinga_Mpakani
Mzee wangu, heshima yako, lakini hujaulizwa ipi ina cheo. Dada kauliza ipi ina nafasi. MDAs na LGAs inaombwa na nchi nzima, kila mhitimu wa uhasibu kuanzia Mtwara mpaka Kagera yumo. Tangazo la halmashauri nalo liko wazi kwa Mtanzania yeyote, ila wengi wakiona ni kijijini Kilindi au bara ya Mkinga hawahangaiki. Ushindani haulingani hata kidogo.

Hesabu_Kwanza
Kabla hamjabishana, vigezo. Mtendaji wa Kijiji III wanataka kidato cha nne au cha sita PAMOJA na astashahada, NTA ngazi ya 5, katika fani kama utawala, sheria, maendeleo ya jamii, elimu ya jamii au usimamizi wa fedha, kutoka Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo au chuo kingine kinachotambuliwa na Serikali. Aliyepita kidato cha sita akaenda moja kwa moja shahada hana cheti cha astashahada cha kuambatisha. Shahada yake ni kubwa zaidi, ndiyo, lakini sicho kigezo kilichoandikwa, na anayechuja maombi anafuata tangazo.

Na upande wa pili msichanganye Mhasibu na Afisa Hesabu. Mhasibu Daraja la II kwa kawaida anadaiwa CPA. Afisa Hesabu Daraja la II anaingia kwa shahada yenye mwelekeo wa uhasibu bila CPA. Kila tangazo likitoka kuna wanaoomba Mhasibu bila CPA, kisha wanalalamika wameonewa.

Binti_Chumbageni
Samahani kwa kutojieleza. Nilitoka kidato cha nne nikasoma astashahada, stashahada, kisha shahada ya uhasibu na fedha. CPA sina. NIDA ninayo. Majina… cheti cha kidato cha nne kina herufi ya kati tu, NIDA ina jina la kati kamili. Na jina la kwanza kwenye cheti cha kuzaliwa limeishia na "i", kwingine halina.

Segera_Njiapanda
Hilo la majina ndilo lilipaswa kuwa swali lako la kwanza, sio kada.

Kwaminchi_Juu
Namuunga mkono Segera. Acheni nieleze kilichompata kijana mmoja wa Mabawa, kwa sababu kila kosa linaloweza kufanyika alilifanya yeye.

Akaunti yake aliifungua akiwa chuoni Mbeya. Alipohitimu akarudi Tanga, lakini sehemu ya makazi ya sasa hakuigusa. Siku hizi usaili wa mchujo mara nyingi unafanyika mikoani, na mkoa ulioandika kwenye akaunti ndio unaotumika kukupangia kituo. Akapangiwa Mbeya. Tangazo la kuitwa linasema wazi kwamba msailiwa anajigharamia usafiri, chakula na malazi, kwa hiyo hakuna wa kumlalamikia. Akapanda basi Kange, kalala njiani, akafika Mbeya usiku wa kuamkia usaili.

Asubuhi getini akaulizwa namba ya mtihani. Hana. Ile namba unainakili mwenyewe kutoka kwenye akaunti yako kabla ya siku ya usaili, pale hawagawi. Simu yake bando limeisha. Akahangaika, akaazimwa simu, akaipata, akaingia ukumbini watu wameshakaa. Pamoja na yote hayo mchujo akafaulu, maana darasani alikuwa vizuri.

Kwenye mahojiano sasa. Uhakiki wa vyeti unafanyika kabla hujakaa mbele ya jopo. Cheti cha kidato cha nne alikuwa hajakichukua shuleni, alikuwa na hati ya matokeo. Tangazo lilikuwa limetaja kwa herufi nzito kwamba hati za matokeo hazikubaliki, wala matokeo ya muda ya chuo. Isitoshe "Hamisi" na "Hamis" zimepishana kati ya cheti cha kuzaliwa na cha chuo, na alichobeba ni kiapo cha wakili ambacho hakijasajiliwa popote. Hakuruhusiwa kuendelea. Alama zake za mchujo zilikuwa za juu kuliko za wengi waliokaa kwenye lile benchi la nje wakisubiri zamu.

Kwa hiyo dada, kitabu cha IPSAS (viwango vya uhasibu wa sekta ya umma) kifunge kwanza, fungua bahasha ya vyeti.

Hesabu_Kwanza
Nyongeza kuhusu NIDA. Namba yake ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na tarehe ya kuzaliwa. Cheti cha kuzaliwa kikiwa na tarehe nyingine inaonekana papo hapo, haihitaji mtu wa kuchunguza. Linganisha leo.

Jina likitofautiana kweli kweli, wakili anakuandalia hati ya kubadili jina, kisha inasajiliwa kwa Msajili wa Hati kupitia ofisi ya ardhi ya mkoa. Hati isiyosajiliwa ni karatasi yenye muhuri tu. Na kama kosa lipo NIDA na vyeti vyote vinakubaliana, usibadili vyeti, nenda ofisi ya NIDA ya wilaya wakurekebishie kule.

Raskazone_Upepo
Barua ya maombi nayo inaangusha wengi. Ya Sekretarieti inaelekezwa kwa Katibu, Ofisi ya Rais, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, S.L.P. 2320, Dodoma. Ya halmashauri inaelekezwa kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri husika, ingawa yote mawili unayatuma kupitia mfumo ule ule. Watu wanaandika barua moja, wanaipakia kote kote. Halafu iwe na sahihi: chapa, saini kwa kalamu, ndipo uskani. Barua iliyotoka kwenye kompyuta moja kwa moja kwenda mfumoni haina sahihi.

Ukipeleka vyeti steshenari pale Ngamiani, waambie waskani kwa rangi. Muhuri wa wakili wa bluu ukiskaniwa kwa nyeusi na nyeupe unabaki kivuli, na anayehakiki anaona nakala isiyothibitishwa. Picha ya simu iliyogeuzwa PDF, yenye kidole pembeni, ndiyo kabisa usithubutu.

Mkinga_Mpakani
Haya, tuseme karatasi zimekaa sawa. Bado nasema Mtendaji. Maudhui ya mtihani ni machache na yanasomeka kwa muda alionao: Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, muundo wa kijiji, majukumu ya mtendaji. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe wasiopungua 15 wala kuzidi 25. Mkutano mkuu ni wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inagawanywa 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Na mhasibu akiulizwa mapato ya kijiji na kumbukumbu za fedha, hapo ndipo anapowaacha wenzake.

Mzee_wa_Masurufu
Kusomeka haraka ni kwa wote, kwa hiyo alama zitabanana huko juu. Afisa Hesabu mtihani unachuja kweli. Aelewe usuluhisho wa benki mpaka aweze kuufanya amefumba macho, masurufu (fedha anazotangulizwa mtumishi kwa safari au kazi) na marejesho yake, IPSAS za msingi wa stahiki (accrual), tofauti ya matumizi ya kawaida na ya maendeleo. Ajue MUSE, mfumo wa malipo ya Serikali, inafanya nini. Ajue Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 na kwamba mfumo wa ununuzi wa NeST ndio umechukua nafasi ya TANePS. Wapo wanaoingia bado na madaftari ya mfumo wa zamani. Sheria ya Fedha za Umma ya 2001, majukumu ya CAG (Mkaguzi Mkuu wa hesabu za Serikali), PAC na LAAC (kamati za Bunge za hesabu). Mwenye shahada ya juzi haya yote bado yako kichwani.

Na lipo jambo hamjalisema: waliofaulu mahojiano ya Sekretarieti nafasi zikawa zimejaa wanaingizwa kwenye kanzidata. Nafasi ikitokea, mtu anapangiwa kituo bila usaili mwingine.

Kwaminchi_Juu
Kanzidata ina muda wake mzee. Isichukuliwe kama ajira iliyohifadhiwa.

Tongoni_Beach
Mimi ningemshauri aachane na matangazo yote mawili asubiri mamlaka zenye skeli zake za mishahara. TPA ya bandari, TRA ya mapato, hizo. Huko TGS haipo.

Segera_Njiapanda
Asubiri tangazo ambalo halijatoka, wakati mawili yako wazi? Aombe haya, na hayo yakija aombe pia. Kuomba hakuna ada.

Tongoni_Beach
Sawa, lakini ajue anachoenda kupokea. TGS B ukishatoa makato hubaki na kitu.

Hesabu_Kwanza
Tupige hesabu basi badala ya kutishana. Tuchukue 500,000, kima cha chini cha utumishi wa umma tangu Julai 2025. TGS B na D zote ziko juu ya hapo. PSSSF, mfuko wa pensheni, mtumishi anachangia asilimia 5, ni 25,000 (mwajiri anaweka asilimia 15). Bima ya afya asilimia 3, ni 15,000. Mkopo wa elimu ya juu asilimia 15 ya mshahara, ni 75,000 kwa aliyekopa. Kodi: 500,000 toa 25,000 inabaki 475,000, toa 270,000 isiyotozwa, inabaki 205,000, asilimia 8 yake ni 16,400. Jumla ya makato 131,400. Mkononi 368,600.

Tongoni_Beach
Kodi inakatwa kwenye mshahara wote, sio baada ya PSSSF.

Hesabu_Kwanza
Hapana ndugu. Mchango wa hifadhi ya jamii unaondolewa kwanza, kodi inafuata. Bima na mkopo ndivyo haviondolewi kabla ya kodi. Hata hilo linaulizwa kwenye mtihani wa Afisa Hesabu, kwa hiyo tusimpotoshe.

Binti_Chumbageni
Asanteni sana. Kuna mtu kanifuata kwa ujumbe anasema ana maswali ya mchujo yaliyopita na "mtu wa ndani". Anataka hela kwanza.

Mzee_wa_Masurufu
Mfungie mwanangu. Baadhi ya kada mchujo unafanyika kwa kompyuta, hakuna karatasi ya kuibwa. Anauza PDF za bure za mtandaoni na ndoto. Hela hiyo mpe wakili.

Mkinga_Mpakani
Na usiombe kazi moja. Omba zote mbili, ila tarehe za usaili zikigongana uwe umeshaamua. Mimi ningeenda wa Mtendaji.

Mzee_wa_Masurufu
Na mimi nasema wa Hesabu. Hapo hatutakubaliana.

Raskazone_Upepo
Dada, herufi ya kati kwenye cheti cha kidato cha nne isikutie hofu sana, wengi wanayo. Ile "i" ya cheti cha kuzaliwa ndiyo ya kushughulikia. Anza kwa wakili kesho asubuhi. Na wadhamini watatu, wapigie simu kabla hujaandika namba zao.

Pongwe_Dereva
Samahani kwa kuingilia. Tangazo hilo hilo la halmashauri lina Dereva Daraja la II. Nina leseni ya C na kidato cha nne, inatosha?

Segera_Njiapanda
Daraja E au C ni sawa, lakini wanataka uwe umeifanyia kazi si chini ya mwaka mmoja bila kusababisha ajali, na cheti cha mafunzo ya msingi ya uendeshaji kutoka VETA au chuo kinachotambuliwa. Hicho cheti unacho?

Pongwe_Dereva
Leseni tu. VETA hapa Tanga wanaanza lini darasa jipya?