Urujuani wa Usambara unaoza katikati, nifanyeje?

Wakuu, habari za jioni. Nina mimea 11 ya urujuani wa Usambara (yale maua ya ndani, African violet) kwenye vikopo vya mtindi, dirisha la jikoni, Tabata. Mbegu ya kwanza alinipa shangazi yangu wa Lushoto. Wiki hii mitatu imelainika katikati kama mlenda, na namwagilia kila asubuhi bila kukosa!

— Ndiyo ugonjwa wenyewe huo, dada. Usimwage maji juu ya majani. Weka kikopo kwenye sahani ya maji nusu saa, kisha yanayobaki mwaga. Rudia udongo wa juu ukikauka. Vikopo vina matundu?

— Kwao huota kwenye miamba ya msituni, kivulini, kwa hiyo jua la mchana likinge kwa pazia. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa kikoloni wa Kijerumani, aliupeleka Ujerumani kutoka huko huko Usambara. Leo tunauziwa wenyewe kwa bei ya kiatu. Mitatu hiyo usitupe: chagua jani zima lenye kikonyo, lichomeke kwenye mchanga wenye unyevu kidogo. Usiwe na haraka, ni miezi.

— Matundu hayakuwepo, jamani. Nimetoboa yote kwa msumari wa moto, jikoni kunanuka plastiki. Majani manne nimeshachomeka.