Shule ya msingi Lubumbashi: ya kimataifa au ya kawaida?

Mama Neema (Golf):
Habarini wanajumuiya, shikamooni wakubwa. Naomba msaada jamani, mzee wangu kaongezewa mkataba hapa Lubumbashi miaka miwili na Neema septemba anaingia la nne, sasa hivi yuko kwenye kashule ka hapa mtaani ka Kifaransa. Tumezunguka shule tatu za kimataifa na zote wimbo mmoja, mtoto anajifunza kwa kuuliza, hatukaririshi. Hiyo ikoje? Maana mimi nimesoma Mbeya, ukizidisha maswali unapewa eneo la kufyeka. Na akirudi Bongo atawakuta wenzake wapi?

Baba Jabali:
Mama Neema pole na mizunguko. Wangu wawili wako shule inayofuata ile PYP, programu ya msingi ya IB (International Baccalaureate, shirika la mitaala ya kimataifa), ipo tangu 1997, watoto wa miaka 3 mpaka 12. Yaani badala ya kufundisha kila somo kivyake kuna mada kubwa 6, sisi ni nani, dunia inavyofanya kazi, kugawana sayari na nyinginezo, halafu hesabu na sayansi na lugha vinaingizwa humo humo. Muhula uliopita mdogo walikuwa na mada ya maji. Nikarudi kutoka kazini nikamkuta kakaa getini na sentineli (mlinzi) ana daftari, Regideso, shirika la maji, ilikuwa imekata siku ya pili, anahesabu bido (madumu ya maji) zinazoingia. Bido 14 za lita 20, kaandika lita 280, chini yake kaweka swali: kwa nini jirani mwenye foraji (kisima cha kuchimba) yeye hahesabu? Mama yake akamwambia swali hilo asilipeleke kwa jirani! Shuleni wakachora grafu, wakaandika na barua kwa Kifaransa. Mimi hapo nilinyoosha mikono, sikuwahi kufundishwa hivyo.

Ila nisikudanganye, tebo (jedwali la kuzidisha) hakuna aliyemshikisha. Saba mara nane bado anahesabu vidole, ikabidi tuimbe wenyewe kwenye gari kila asubuhi, foleni inasaidia. Na kitu kingine, shule yetu inaiga tu, mkurugenzi anasema "tumeongozwa na PYP". Shule ya PYP kweli inaidhinishwa na IB wenyewe na orodha iko kwenye tovuti yao, angalia kabla hujatoa dola. Kama kuna inayofuata Cambridge, mtaala wa Uingereza, hiyo ni njia nyingine, mwisho wa hatua ya 6 kuna mtihani unaitwa Checkpoint, Kiingereza, hesabu na sayansi.

Mama Kabwe (Katuba):
Jambo bamama na bababa. Miye niko mutu wa hapa, bwana yangu njo Mtanzania. Batoto yangu bako ku masomo (shule) ya basista, kule banafanyaka dikte (imla) kila siku na tebo banazibebaka mu kichwa, kuuliza iko kidogo, ni kweli. Lakini mwaka ya sita banaandika ENAFEP, mutihani ya taifa ya kumaliza primeri, ile zamani tulikuwa tunaita TENAFEP. Mutoto mwenye hana ile, akitaka kuingia ku ya saba mu masomo ya Kikongo, utatembea na makaratasi ya ekivalansi (kulinganisha vyeti) mpaka viatu viishe. Ya serikali tangu 2019 primeri banasomaka bure, lakini madarasa ikajaa sana.
Tena mama Neema, uangalie kaye (daftari) yake. Kugawanya hapa namba yenye kugawanya banaiandika mukono ya kuume, na jibu chini yake. Na 70 hapa ni septante, akienda ku masomo ya Bafransa batamwambia soixante-dix, batacheka eti anasema kama Babelgiji.

Mama Neema:
Uwiiii dada! Miezi miwili namfutia! Mimi naweka kigawanyo kushoto na jibu juu, asubuhi anaenda mwalimu anampiga mkasi mwekundu, jioni analia, namwambia mwalimu wako hajui. Na ile koma badala ya nukta kwenye desimali nayo nilifuta. Leo nimemuomba radhi mtoto, kaniuliza kwa hiyo mama ulisoma shule gani.

Mzee wa Tunduma:
Marahaba wanangu. Mnagombania mbinu, mimi nauliza huyu binti akifika miaka 12 atakuwa wapi? Kama mkataba ni miaka miwili halafu nyumbani, basi la nne huko kuna upimaji wa kitaifa na mwaka unaanza januari, hapa ni septemba mpaka julai mwanzoni, ukimrudisha katikati ataruka nusu mwaka au atarudia nusu. Kiingereza kingembeba zaidi. Kama mtabaki, msimtoe kwenye Kifaransa, mtoto kashakishika bure hivyo unaenda kulipa dola umtoe?

Halafu minervale (ada ya shule) lipeni kwa noti mpya, kuna mahali keshia alinirudishia mia yangu kwa kachaniko kadogo kama ukucha nikarudi nayo mpaka mpakani Kasumbalesa.

Vitabu vya la nne vya bongo nitawabebea, gari linatoka Tunduma ijumaa. Mama Neema nitumie orodha kabla ya jumatano, na kama kuna mwingine anataka aseme sasa, siyo gari likiwa Nakonde upande wa Zambia ndio mnapiga simu.

Baba Jabali:
Mzee niwekee na mimi kile cha tebo, chenye jedwali nyuma ya jalada.